Lenzi za mzee wangu zinanivuta huku, mwenzangu wa kazi ananivuta kule, na kikoba tunavunja mwezi ujao

Anti shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo leo, naomba jina usiliweke maana huku Dodoma wapiga picha tunajuana wote na watu ninaowataja humu watajijua tu.

Nina miaka 31, naishi Nkuhungu, kazi yangu ni picha. Napiga sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, na mwisho wa mwaka mahafali ya UDOM yakianza ndo nakula vizuri kwa kweli. Kicheni pati nyingi wananiita kwa sababu mimi ni mwanamke, wamama wanakuwa huru, wanacheza wanavyotaka bila kuwaza kuna kijana wa kiume kashika kamera pembeni.

Kazi nimefundishwa na mzee mmoja ambaye sio ndugu yangu wa damu ila mi namuita baba. Alikuwa na studio mjini tangu enzi za filamu, watu wamepigwa picha zao za pasipoti na za harusi pale kwake miaka na miaka. Mimi nilianza kwa kufagia na kukata picha za pasipoti kwa mkasi, baadae akaanza kunituma kwenye shughuli. Sasa macho yalipoanza kumsumbua, ana presha ya macho, akaacha kupiga, akaniita nyumbani akanikabidhi begi lake lote. Nikon D750, lenzi ya 80-200 ya f2.8, 85 ya 1.8 na 50 ya 1.8, zote zile za D za zamani zenye ringi ya f, ya kufungua na kubana tundu la mwanga, pale kwenye lenzi, na flashi moja ya Nikon. Hakunidai hata mia. Alichosema ni kimoja tu, "hizi usiuze". Mpaka leo Jumapili nikienda kumsalimia anauliza "wanangu hawajambo?" anamaanisha lenzi, na mimi namwambia hawajambo baba.

Sasa nina mwenzangu, kijana mmoja tunafanya nae kazi, yeye anapiga video zaidi ila na picha anapiga. Ana Sony A7 III na Tamron 28-75. Kila siku ananiambia niachane na hiyo kamera ya kioo, dunia yote imeenda mirolesi, zile zisizo na kioo ndani, nikihamia Sony tutaazimana lenzi na betri, rangi za picha zetu zitafanana, mteja ataona kazi ni moja. Na kwenye baadhi ya vitu namuelewa. Juzi kanisani padri alinionyesha kwa mkono niache kupiga wakati wa mageuzo kwa sababu ya mlio wa shata, kile kipazia kinachofunguka ukibonya, nilijisikia vibaya sana watu wote wananiangalia. Alafu siku hizi mteja anataka picha na riliz ya Insta kesho yake asubuhi, na D750 ukiiwekea video fokasi inatafuta weeee mpaka bibi harusi kashapita.

Mwezi ujao tunavunja kikoba chetu, mimi napata milioni 2.6. Mwenzangu anasema nisiishie hapo, nichukue mkopo wa haraka nijazie nipate A7 IV kabisa, nisinunue kitu cha kubadilisha tena baada ya mwaka. Mi mwenyewe nilikuwa nimewaza niende Nikon Z, mirolesi za Nikon wenyewe, ili lenzi za baba ziendelee kufanya kazi, na muuzaji mmoja wa Kariakoo kanihakikishia kwenye simu kwamba kuna adapta, unafunga tu kila kitu kinafanya kazi kama kawaida.

Kitu kingine kinachonitisha, niliazima hiyo Sony ya mwenzangu nikaijaribu kwenye sendofu, nikaweka ile ya kimya isiyo na mlio, picha zikatoka na mistari mistari ya giza imekatiza usoni mwa watu. Yeye anasema ni taa za ukumbi, mi nadhani kamera ina shida na hataki kukubali. Na vumbi Anti, vumbi la huku unalijua, mwezi wa nane na wa tisa ule upepo ukianza hata kabatini linaingia, na nasikia hizi mirolesi sensa, pale picha inapoingilia, iko wazi kabisa ukitoa lenzi.

Kwa hiyo nikihamia Sony najiona kama namsaliti mzee aliyenipa maisha, nikibaki najiona naachwa nyuma, nikienda Nikon Z mwenzangu atanuna na sijui kama tutaendelea. Nimechoka kuwaza, usiku naangalia video za YouTube za kulinganisha kamera mpaka saa nane na naamka nikiwa sijui zaidi ya jana. Naomba unisaidie kufikiri.

Mpiga picha, Nkuhungu

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Ukiisoma haraka unaona mtu anauliza anunue kamera gani, ila ukituliza macho kuna mambo matatu yamefungwa kamba moja humo, lenzi za baba yako, mwenzako wa kazi, na hela ya kikoba. Na naona unatafuta kamera moja itakayoyamaliza yote matatu kwa mpigo, mzee afurahi, kijana asinune, na deni lisiwepo. Sidhani kama kuna kiwanda kinachotengeneza hiyo. Tuyafungue moja moja.

Naanza na adapta, maana hapo umeegemea maneno ya mtu anayetaka kuuza. Chukua 80-200 yako leo, itoe kwenye kamera, geuza uangalie kile chuma inapofungia. Pembeni utaona kaskrubu kadogo kenye mfereji katikati. Alafu angalia kwenye mdomo wa D750, kuna kabisibisi kamechomoza. Lenzi za D zenye hako kaskrubu hazina mota ndani yake, kamera ndo inaingiza hiyo bisibisi na kuizungusha lenzi itafute fokasi, ule mlio wa zzz unaousikia ukibonya ndo huo. Kamera za Nikon Z, tangu zilipoanza kutoka mwaka 2018, hazina hiyo bisibisi, na adapta ya Nikon wenyewe, FTZ ya kwanza na FTZ II ya mwaka 2021, nazo hazina. Kwa hiyo 80-200 itafungwa vizuri, mwanga itapima, f utabadilishia kwenye kamera, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Zinazofanya kazi zote kwenye adapta hiyo ni lenzi zenye mota ndani, zile za AF-S na AF-P. Labda muuzaji alikuwa anazungumzia hizo, simhukumu, ila wewe ungeshuka stesheni ya SGR Dar na hela yote mkononi ukijua unamuokoa mzee na kumbe sivyo.

Na hapo hapo kuna jambo la kukufariji kidogo. Kwenye Nikon za kioo, kutoka pale lenzi inapokaa mpaka kwenye sensa ni milimita 46.5, kwa sababu kioo kinahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Kwenye Z ni milimita 16, kwenye Sony ni 18. Ile nafasi inayobaki ndo adapta inaijaza, ndo maana lenzi ya zamani inaingia kwenye kamera mpya na lenzi ya mpya haiwezi kurudi kwenye ya zamani. Na lenzi zako kwa kuwa zina ringi ya f zenyewe, hata Sony zinaingia kwa adapta ya bei ndogo isiyo na umeme wowote, f unazungusha kwenye lenzi, fokasi kwa mkono. Yaani kwa lenzi hizi tatu tu, tofauti ya Nikon Z na Sony ni ndogo kuliko ulivyokuwa unaogopa. Nikon f utabadilishia kwenye kamera na taarifa za f zinaandikwa kwenye picha, lakini kwa adapta hizo kukimbiza fokasi hakuna, kote kote.

Je fokasi ya mkono inafaa kazi yako? Kwa picha ya mtu aliyetulia, bibi harusi amekaa kwenye kiti anavikwa hereni, inafaa sana, tena mirolesi inakusaidia, unaweza kukuza jicho ndani ya viufainda, pale unapochungulia, ukaona kope moja moja, au ukawasha ile alama ya rangi inayotokea pale palipokaa kwenye fokasi. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini anacheza na wapambe wake, kwenye f2.8, nakuambia ukweli utapata chache na utazililia zilizobaki.

Ila subiri. Mbona unazungumza kama D750 inakufa siku utakayonunua nyingine? Ile kamera ni ya mwaka 2014, sensa yake ni ya megapikseli 24, sawa na A7 III, na ina hiyo bisibisi. Ikibaki begani kwako na 80-200 mbele yake, wana wa mzee wanaendelea na kazi ile ile waliyoizoea, na fokasi yao ile ile, na kamera mpya yoyote ile ikae bega la pili na lenzi moja fupi. Wapiga harusi wengi wanatembea na kamera mbili hata hivyo. Sisemi ndo ufanye hivyo, kuna usumbufu wake, chaja mbili na menyu mbili za kukumbuka gizani, na kama ni Sony hata betri hazitaingiliana. Nasema tu hiyo njia hukuiandika kwenye barua yako na mimi naiona imekaa mlangoni.

Sasa hilo la kuachwa nyuma. Nimetafuta kwenye barua mteja aliyekulalamikia picha zako, sijamuona. Nimemuona padri na mlio, nimeona video. Hayo ni ya kweli, tusiyadharau. Mlio, D750 ina sehemu ya Q kwenye ile gurudumu ya kushoto, inapunguza mlio, haiuui. Mirolesi inauua kabisa. Ila hata na kamera isiyo na mlio, dakika za mageuzo mi ningeshusha mikono, padri akikuona umesimama mbele yake wakati huo hatajua kama kamera iko kimya. Video, hapo mwenzako ana hoja nzito, D750 inaishia 1080 na fokasi yake ya video ni ya kizamani, A7 III inakupa 4K na inamshika mtu anayetembea. Kama riliz zinakuingizia hela kweli, hii ni sababu. Kama riliz anapiga mwenzako na wewe unapiga picha, basi jiulize nani anayezihitaji.

Faida mbili za mirolesi nakutajia maana kwenye YouTube wanazipitia juu juu. Ya kwanza ni fokasi ya jicho. D750 ina pointi 51 za fokasi na zote zimejikusanya katikati, kwa hiyo unashika jicho katikati alafu unasogeza kamera, na kwenye f1.8 kasogeo hako kanatosha kuhamisha fokasi ikaenda sikioni. A7 III ina 693 zimetapakaa karibu fremu nzima, Z5 ya Nikon ina 273, jicho likiwa pembeni linashikwa huko huko pembeni. Ya pili ni kuona picha kabla hujaipiga. Wewe unapiga watu wenye ngozi yetu, gauni jeupe, jua la Dodoma la saa saba mchana. Kamera ya kioo inapima ile nyeupe inaogopa, inaifanya ngozi ya bibi harusi kuwa giza, wewe unakuja kugundua kwenye skrini baadae umeweka kiganja juu yake kuzuia jua. Kwenye mirolesi unaliona hilo ndani ya viufainda kabla hujabonya. Mi nalipenda hilo kuliko mengine yote. Ila kwenye ukumbi wa giza ukitumia flashi lazima uizime hiyo setingi, la sivyo unachungulia unaona giza tupu na utadhani kamera imekufa.

Mistari ya giza usoni mwa watu, nadhani mwenzako hakukudanganya, na kamera yake nadhani ni nzima. Ile setingi ya kimya inatumia shata ya umeme, na shata ya umeme ya A7 III inaisoma sensa msitari kwa msitari kutoka juu kwenda chini, haisomi yote kwa pamoja. Taa nyingi za LED za kumbi zinawaka na kufifia haraka mno jicho halioni, umeme wetu ni wa hezi 50 kwa hiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kamera inasoma huku taa ikipanda na kushuka, unapata mistari. Rudi kwenye shata ya kawaida ya mekaniko, washa setingi ya kuzuia kupepesa, na jaribu kukaa 1/100 au 1/50. Zile taa za rangi za DJ zina kasi zake nyingine, hizo piga moja uangalie kabla shughuli haijaanza. Na kwa mtu anayecheza pia ya kimya sio nzuri, mkono unaotembea kwa kasi unatoka umepinda. Kwa hiyo kimya ni cha kanisani, na hata kanisani siku hizi angalia taa kwanza.

Betri. Kwa vipimo vya watengenezaji D750 inapiga picha 1230 kwa chaji moja, A7 III 610 ukichungulia kwenye viufainda, Z5 390. Kwenye shughuli unapiga kwa mfululizo hivyo utapata zaidi ya hapo, lakini uwiano ndo huo. Z5 na Z6 zinakubali betri zako za D750, zinakaa muda mfupi kidogo kuliko mpya za kwao, ila zinaingia. Umeme ukikatika Jumamosi asubuhi utajua kwa nini nimeliandika hili.

Na uzito, usitegemee sana. Mwili wa mirolesi kama A7 III au Z5 unapungua gramu mia na sitini mpaka mia na tisini hivi, ukishafunga lenzi ya f2.8 bega halioni ajabu.

Twende kwa kijana wako. Umeandika "atanuna na sijui kama tutaendelea", na hicho kisentensi kimenikalia. Anachokuambia kuhusu kuazimana ni kitu kikubwa, hasa kwetu. Mfumo wa kamera ni pamoja na watu wanaoutumia karibu yako, kwa sababu Jumamosi usiku shata ikigoma katikati ya shughuli Kisasa, hutaenda dukani, utapiga simu. Kwa hiyo pita uulize, wapiga picha unaowaamini hapa mjini wameshika nini? Nani atakupa lenzi saa nne usiku? Fundi unayemtegemea anafungua zipi? Jibu la hayo lina thamani kuliko video kumi za kulinganisha. Na upande wa Sony, Tamron na Sigma wametengeneza lenzi nyingi sana zinazoingia, hivyo hata za mtumba zinapatikana kwa urahisi zaidi. Hilo ni kweli.

Lakini kuazimana kuna upande wake. Tamron 28-75 iko moja. Bibi harusi akiingia ukumbini nyote wawili mnaitaka dakika ile ile, nani anaishika? Yeye anayo, wewe unaazima. Alafu siku mkigombana, au yeye akipata kazi Dar akaondoka, utabaki na mwili wa Sony na adapta. Sikutishi, nakuuliza tu kama mmeshawahi kukaa chini mkazungumza mnagawanaje hela, nani ana mteja, kitu kikiharibika mkononi mwa mwingine analipa nani. Kama hayo hamjayazungumza, kuyaunganisha mabegi kabla ya kuyaunganisha makubaliano kuna hatari yake. Na kama mmeyazungumza na mko sawa, basi ana haki ya kuota kazi yenu ikiwa moja, na huko kununa unakokuogopa inawezekana ni hofu yake ya kubaki peke yake.

Rangi kufanana isikusumbue sana. Mkipiga RAW, yaani faili ghafi, wote wawili na mkaweka namba ile ile ya joto la rangi kwenye kamera zote, mhariri mmoja akazipitia, mteja wa kawaida hatajua ipi ni ya Nikon ipi ni ya Sony.

Hela. Milioni 2.6 inaonekana nyingi mpaka uanze kuandika. Mwili wa Sony wa mtumba, lenzi angalau moja yenye fokasi, betri ya pili, memori kadi, na kitu ambacho mwenzako labda hajakutajia, flashi ya baba yako ni ya Nikon, juu ya Sony haitaongea. Kama unatumia flashi za Godox za kusimamisha pembeni hizo utaziokoa kwa kununua triga ya Sony tu, kile kidude cha juu ya kamera kinachoziwasha, za juu ya kamera hapana. Andika yote kwenye karatasi moja, upande mwingine andika Z5 ya mtumba na FTZ, ambayo flashi na betri zinaendelea. Z6 ya kwanza iangalie kwa makini, ina nafasi moja ya kadi na ni ya XQD, kadi ghali na ngumu kuipata kwa haraka, wakati Z5 ina nafasi mbili za SD za kawaida. Upande wa tatu andika kubaki na D750 na kuiongezea lenzi moja ya AF-S ya mtumba, maana watu wanavyohamia mirolesi vitu vya kioo vimeshuka bei na wengine wanaviuza vikiwa safi kabisa. Hiyo ya mwisho inakuachia hela mfukoni ila video inabaki pale pale.

Mkopo wa haraka naomba tuongee kama mama na mwana. Marejesho yake mengi ni ya kila wiki, kipato chako ni cha msimu. Mahafali ni mwisho wa mwaka, Kwaresima harusi za wakatoliki zinapungua, na mkopeshaji hajui Kwaresima. Watu hawakuipa jina la kausha damu bure. Kama A7 IV ni lazima, kuna kusubiri mzunguko mwingine wa kikoba, kuna kuanza na mwili wa bei ya chini. Mwenzako anayekushauri ukope, je atasaini na yeye? Muulize kwa upole, jibu lake litakuonyesha mengi.

Kabla ya yote hayo, kodi kamera kwanza. Kodi au azima Sony kwa shughuli nzima, mwanzo mpaka mwisho, na lenzi yake. Tafuta mtu mwenye Z ufanye hivyo hivyo. Shughuli nzima na sio dakika tano dukani, maana mkono unazoea au unakataa ukiwa umechoka saa sita usiku. Ukija kununua mtumba, omba ujue shata imeshapiga mara ngapi, weka f16 upige anga jeupe ukuze picha uone madoa, jaribu nafasi zote za kadi, na chukua risiti yenye namba ya kamera.

Nimemuacha baba yako mwisho kwa makusudi. Mzee alisema usiuze. Wewe umesikia usibadilishe. Mtu aliyeanza na filamu akaishia na D750 amebadilisha mara ngapi katika maisha yake? Kamera ya filamu ikawekwa pembeni, chumba cha giza kikafungwa, na lenzi zikaendelea. Pengine yeye anaelewa jambo hili kuliko wewe na mimi, na wewe unamuonea huruma ambayo hajaiomba. Au pengine sivyo, pengine ndani ya swali lake la Jumapili kuna mtu aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya macho na hicho ndo kilichobaki, na ukimletea habari za kamera nyingine atanyamaza siku nzima. Wewe unamjua, mimi simjui. Ila unaweza kwenda na hiyo kamera ya kuazima siku moja, umefunga 85 yake kwa adapta, umuwekee mkononi bila hotuba. Viufainda ya umeme inakuza na inang'aa, kwa macho yake inaweza kumsaidia au isimsaidie, presha ya macho inatofautiana. Mwache azungushe fokasi mwenyewe. Atakachosema baada ya hapo usikipinge, hata kama sio ulichotaka.

Kuhusu vumbi. Ni kweli kwenye kamera ya kioo kuna kioo na shata mbele ya sensa, kwenye A7 III na kwenye Z5 ukitoa lenzi sensa iko mbele ya macho yako. Canon hukuitaja lakini EOS R zao kadhaa zinafunga shata zikizimwa, kwa mji kama wetu nimeona vizuri uijue, ingawa hiyo shata iliyofungwa usiiguse kwa kidole wala pamba. Kwa hizo nyingine, zima kamera kwanza, geuza mdomo uangalie chini, mgongo wako uupe upepo, lenzi ya pili iwe tayari mkononi imelegezwa kifuniko. Au fanya ndani ya gari vioo vikiwa vimepandishwa. Kipulizio cha mpira kiwe begini siku zote, usipulize kwa mdomo, mate yanakauka kwenye sensa na hapo ndo unamhitaji fundi. Na kama una kamera mbili begani, mwezi wa tisa huna haja ya kubadilisha lenzi nje hata kidogo.

Ukishakodi niandikie tena, niambie mkono umesema nini na mzee amesema nini. Na muulize kama zile negative za studio bado anazo. Kama zimekaa kwenye boksi la nailoni kwenye chumba chenye bati na joto zinaharibika, zihamishie kwenye bahasha za karatasi sehemu kavu isiyo na jua, na zinaweza kupigwa upya moja moja juu ya taa nyeupe kwa hiyo hiyo D750 ukipata lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Kuna watu wa Dodoma wanatafuta sura za wazazi wao na ziko humo.

Anti